Wimbo wa Nyar Sakwa Umeondolewa

Jumatatu, 12 Mei

Alama za Gredi ya Nane hazijapanda tena. Tovuti inazunguka, kaduara kale kale, kisha inanitoa nje. Mwalimu mkuu anazitaka zote kufikia Ijumaa. Nilimwambia ninazo kwenye karatasi, zimekamilika. Akasema karatasi si alama siku hizi. Sawa.

Nimefika nyumbani Migosi nikiwa hoi. Violet, msichana anayenisaidia kumtunza Mama, alikuwa ameshamwogesha na kumkalisha dirishani. Uji kanywa nusu bakuli. Tangu kiharusi kimshike mwaka jana, upande wa kulia umekufa na sauti imeenda nao. Mwanamke aliyeimba matangani kuanzia Usenge hadi Bondo, akaliza wanaume wazima na mikongojo yao, leo anaomba maji kwa kidole.

Baada ya uji huwa namwekea video yake. Ni ya matanga ya Nyar Sakwa, shoga yake aliyekuwa akianika naye omena, dagaa wetu wa ziwani, ufuoni Usenge. Hakuna video nyingine ambamo Mama anaimba mwanzo hadi mwisho. Mtaalamu wa mazoezi alisema sauti anayoijua huenda ikaamsha kitu. Sijui kama inaamsha. Najua kwamba huanza kugonga mkono wa kiti kwa mkono wa kushoto, na uso wake unatulia. Hiyo ndiyo saa yake nzuri. Yangu pia.

Leo nimefungua nikakuta mraba mweusi. Video imeondolewa kwa sababu ya dai la hakimiliki. Mama akautazama mraba, akanitazama mimi. Nikamwambia mtandao ni mbovu leo.

Jumanne, 13 Mei

Nimeusoma ujumbe wote wakati wa mapumziko ya chai. Kiingereza cha mahakamani. Kampuni moja ya muziki huko Nairobi, ambayo sijawahi kuisikia, inasema wimbo ni mali yake. Kwa maneno mengine, nimeiba sauti ya mama yangu mzazi. Hilo ni onyo la kwanza. Nikipata la pili watafunga ukurasa wangu wote. Ukurasa wenyewe una video ile na wanafunzi wangu wakighani mashairi.

Hasira zangu ziko hapa: sina nakala. Simu niliyorekodia ilijaa, kila mtu akaniambia, weka mtandaoni Mwalimu, huko hakuna kinachopotea. Nikaweka. Simu ikaibwa sokoni na sikujali sana, nikasema kitu cha maana kiko salama. Salama kwa nani, sikuuliza.

Jioni nimeutafuta wimbo wa hiyo kampuni. Nimeupata upesi, kwa sababu unapendwa. Wamechukua sauti ya Mama wakaitilia ngoma ya klabu. Ni wimbo wa kumlilia maiti. "Nyar Sakwa, nani atakugeuzia omena jua likishahama?" Na watu wanaukatikia viuno.

Violet akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Ai, Mwalimu, hii si ile ngoma ya jirani wa tuktuk? Kumbe ni Mama anaimba!" Amekuwa akiicheza wiki nyingi bila kujua. Nilitaka kumkasirikia lakini nguvu sikuwa nazo.

Mama alikuwa kalala. Nikazima haraka. Sitaki asikie alichofanyiwa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempata aliyeuchukua, jina lake liko chini ya wimbo. Felix, mjukuu wa Nyar Sakwa. Nilimkumbuka mara moja: kijana mpole aliyekuja mazikoni kutoka Nairobi na maikrofoni yenye manyoya, akasimama karibu na Mama siku nzima. Kazaliwa Nairobi, kakulia Nairobi. Dholuo anasikia, kuongea anabahatisha. Nilimpigia nikiwa nimejiandaa kumtukana. Akanipokea kwa heshima hata nikayaacha matusi.

"Auntie, si mamako alinipea mwenyewe? Mbele ya watu wote. Alisema jina yangu, akasema wimbo ni yangu. Niko nayo kwa rekodi."

Nilicheka, kicheko kibaya. Maana ni kweli. Alisema.

Kwetu mwimbaji akiimba, bakuli liko miguuni pake. Ukiguswa, unasimama, unatia chochote ndani. Wimbo unasimama nawe. Mwimbaji anakutaja jina, anataja ukoo wako, anakusifu mpaka unajiona mrefu, kisha anakwambia: wimbo huu ni wako. Mari. Ni wako. Unarudi kuketi umevimba kichwa. Akisimama mwingine akatia chake, wimbo ni wake. Hivyo hivyo mpaka jua linazama. Hakuna anayeenda nao nyumbani. Mtoto wa hapa mwenye miaka sita anajua. Felix alitia kwenye bakuli, akaambiwa mari, akaamini.

Nilimwomba basi anipe ile rekodi yake, nzima, ya Mama kusikiliza tu. Akasema aliikabidhi kampuni pamoja na kila kitu, alitia sahihi, na yeye mwenyewe akiitumia bila ruhusa watamshika. "Hata mimi wamenibana, Auntie."

Namwamini. Hilo ndilo linalochosha zaidi. Nilitaka mwizi, nikapata mjinga mwenye adabu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimepitia Dunga kumnunulia Mama samaki, kisha nikaenda kwa wakili. Nilimfundisha Kiswahili kidato cha pili. Insha zake zilikuwa ndefu kupita kiasi. Sasa anaongea kwa kifupi, kila neno lina bei, ingawa mimi hakunitoza.

Anasema maneno ya wimbo ni ya Mama, hilo halina ubishi. Lakini rekodi waliyo nayo ni ya aliyeirekodi, naye kaiuza; yangu mimi sina nakala ya kuithibitisha. Na ule utoaji wa mbele za watu, kampuni itausoma kama ridhaa. Nilimweleza desturi. Akasema, "Mwalimu, mimi ni wa kutoka Asembo, unanifunza bakuli? Najua. Lakini jaji wa Nairobi atataka nimwonyeshe iko kifungu gani."

Kesi tunaweza kushinda, anasema. Itachukua miaka. Akatazama meza yake, akaongeza kwamba amesikia Mama ana umri gani. Tukaachia hapo.

Nimerudi na mawazo mabaya. Sheria hii imetungwa na watu wanaodhani wimbo una baba mmoja. Wimbo wa matangani una baba wengi na mama wengi, kila aliyelia ana chake ndani. Sheria ikikuta kitu cha wengi inakiita kitu kisicho na mwenyewe, kisha inampa wa kwanza kufika na kompyuta. Na wanaita hiyo ulinzi.

Mama kala samaki vizuri. Kisha akanyoosha kidole kwenye simu yangu. Nikajifanya sijaona.

Jumatatu, 19 Mei

Rufaa yangu kwa mtandao imejibiwa. Hapana. Wameambatisha maneno ya Mama, yametafsiriwa Kiingereza, yana alama za kunukuu kama ya bunge: nakupa wimbo huu. Sauti yenyewe hawakuiweka. Walichonitumia ni maandishi tu, maneno yake yamekauka kama omena ya juzi.

Wameniuliza pia kama huduma yao imeniridhisha, nichague nyota. Nimefunga simu nikaenda kusahihisha insha. Mada: Faida za Teknolojia. Sikuitunga mimi.

Ijumaa, 23 Mei

Mkutano wa kutoa maoni. Serikali inatunga sheria mpya ya kuwalinda wasanii na inataka kutusikia. Ukumbi wa hoteli, viyoyozi, chupa za maji. Mswada ni mnene na wote Kiingereza. Waliugawa asubuhi hiyo hiyo, tuutolee maoni asubuhi hiyo hiyo. Nimeomba ruhusa shuleni kwa ajili ya hili.

Afisa kutoka Nairobi kasema mara nyingi kwamba teknolojia sasa itamtambua msanii popote alipo. Itasikia sauti yake na kumpa haki yake. Nikasimama. Nikasema teknolojia imemsikia mama yangu vizuri sana, haikukosea hata kidogo, ndiyo maana imemnyang'anya. Watu wakacheka. Nikauliza: mtu akiimba matangani na kumpa kila anayetia kwenye bakuli, wimbo kwa sheria yenu ni wa nani?

Akasema hilo ni swali zuri sana na wamelichukua.

Wamelichukua. Kinachochukuliwa na hawa hakionekani tena. Chakula kilikuwa kizuri, hilo nisidanganye.

Jumamosi, 24 Mei

Usenge. Nimeenda kutafuta mashahidi, na kutafuta kama kuna simu hata moja iliyobaki na video ile.

Simu hakuna. Wengi waliifuta kupata nafasi. Mzee Opondo, mwenye mashua aliyetia kwenye bakuli kabla ya wote siku ile, hana simu ya picha hata. Ana kasimu kake ka tochi, mulika mwizi, kamefungwa kwa raba. Lakini nilipomweleza habari ya Felix akasimama kutoka kitini. Akauliza kijana ni wa kupewa wimbo kama nani. Yeye alipewa mbele ya huyo kijana! Mwanamke anayenunua omena kwa jumla naye akasema hapana, alipewa yeye, na kwa sifa ndefu kuliko za Opondo, kila mtu alisikia. Wakaanza kubishana. Chifu naye alitajwa kuwa alipewa. Mpiga orutu, fidla yetu ya waya mmoja, anasema yeye hupewa kila wimbo, ni haki ya waya wake. Kufika adhuhuri wimbo wa Mama ulikuwa na wenyewe nusu ya Usenge, na kila mmoja yuko tayari kutia sahihi.

Nimecheka leo. Nasema ukweli, nimecheka mpaka mbavu.

Wanawake wanaogeuza omena kwenye nyavu wakauimba, ili nisikie kwamba hawajausahau. Nimewarekodi. Wakasema, "Mwambie min Akinyi tunamngoja." Min Akinyi ndiye Mama. Akinyi ni mimi.

Jumapili, 25 Mei

Nimemchezea Mama rekodi ya wanawake wa Usenge. Alisikiliza kwa makini, sikio la kushoto mbele. Walipofika ubeti wa pili akakunja uso. Wameukosea, inaonekana. Akasukuma simu kwa mkono. Kisha akanyoosha kidole kwenye mraba mweusi, ule ule.

Kwa hiyo anajua anachokitaka, na si hiki.

Nimeandika malalamiko mapya kwa kampuni na kwa mtandao. Nimeambatisha maelezo ya Mzee Opondo na wenzake. Nimepandisha na video ya wale wanawake, ushahidi kwamba wimbo ni wa watu. Nimejisikia mwerevu.

Jumatano, 28 Mei

Wakili kashauri nimsajili Mama kama mtunzi, angalau hilo. Usajili ni wa mtandaoni tu. Nilienda kwanza ofisini, nikidhani mtu bado ni mtu. Dada wa dirishani akaniambia, "Hata sisi hatuwezi kukuingiza hapa, Mama. Ni sistim. Na leo iko chini." Basi nikangoja jioni, nyumbani.

Mfumo unataka uso wa mwombaji. Violet akashika simu, mimi nikamfuta Mama midomo na kumfunga kitambaa chake cha kanisani. Tazama kamera. Akatazama. Geuza kichwa kushoto. Akageuza. Geuza kulia. Nikamsaidia kwa kiganja, taratibu. Kisha ikaandika: tabasamu.

Mama akatabasamu.

Nusu ya uso ilitabasamu. Nusu nyingine ilibaki pale ilipoachwa mwaka jana. Duara likageuka jekundu. Uso haulingani na kitambulisho. Jaribu tena. Akajaribu tena. Alikuwa anajitahidi, jasho linamtoka, alidhani yeye ndiye anayekosea. Mara ya tatu Violet akaanza kulia na simu mkononi, nami nikaizima.

Nimewahi kuchukia vitu. Sijawahi kuchukia kitu kisicho na uso wa kuuzaba kofi.

Jumanne, 3 Juni

Ukurasa umefungwa. Ule ushahidi wangu, wanawake wa Usenge na nyavu zao, mashine imeusikiliza ikatambua wimbo wa kampuni. Onyo la pili. Wanawake wale nao ni wezi. Mashairi ya wanafunzi wangu yameenda pamoja nao, na lile la Brian wa darasa langu aliyekuwa hawezi kusimama mbele za watu. Nitamwambiaje?

Kampuni pia imejibu. Mwanasheria wao anasema madai ya watu wengi kupewa wimbo huo huo yanaonyesha kwamba mtunzi alikuwa na mazoea ya kuutoa. Nimesoma sentensi hiyo tena. Nikampelekea wakili. Akanipigia, akacheka kwa uchungu, akasema, "Mwalimu, hapa wametupiga na fimbo yetu." Kisha akaniuliza kama nataka kuendelea.

Nimechoka. Nimemwambia nimechoka. Akasema si vibaya kuchoka.

Alama za Gredi ya Nane, kwa taarifa yangu mwenyewe, bado hazijapanda.

Ijumaa, 6 Juni

Mama hanyooshi tena kidole kwenye simu. Siku ya tatu sasa. Anakunywa uji, anatazama nje. Violet anasema mchana naye ni hivyo hivyo, anakaa kama mtu anayengoja gari lililokwisha kupita.

Sina la kuandika.

Jumapili, 8 Juni

Tumetoka kanisani. Violet anafua uani. Mimi nachambua mchicha, Mama dirishani na bakuli lake tupu mapajani.

Tuktuk ya jirani ikaingia na kuegesha. Akaacha muziki ukilia, kama kawaida yake, akashuka kuosha magurudumu. Ngoma ile. Nilisimama nifunge dirisha asisikie. Sikuwahi. Sauti yake ikaingia ndani kabla yangu.

Mkono wake wa kushoto ukaanza kugonga kiti.

Nilibaki nimeshika pazia. Alikuwa anagonga vilevile, si ngoma ya klabu, ile ya zamani iliyoko chini yake. Uso ukatulia. Jirani alipozima, Mama akanigeukia, akanyoosha kidole kwenye simu. Mimi niliyekuwa namficha kwa wiki tatu nzima na zaidi!

Nikautafuta wimbo wa Felix. Likaja kwanza tangazo la kamari. Tukangoja, hatuna la kufanya, kisha Mama akaanza kuimba. Najua vizuri kila nikibonyeza wao wanahesabu. Nimebonyeza. Sauti ya mama yangu nitaisikia kwa hisani ya walioichukua, na bando ni langu. Inauma na nimeiacha iume.

Katikati ya wimbo nikagundua walichokifanya. Majina wameyakata yote. Opondo hayupo, chifu hayupo, mnunuzi wa omena hayupo. Hata Felix mwenyewe wamemkata. Limebaki neno moja la Mama, linajirudia juu ya ngoma: mari, mari, mari.

Sijui kilichonituma. Nilitoa sarafu kwenye pochi ya sadaka nikaitia kwenye bakuli lake. Ikalia.

Mama akainua mkono wake mzima, akaninyooshea kidole. Mari. Akaushikilia hapo mpaka nikashindwa kumtazama. Violet akaingia na povu mikononi kuona kuna nini, na kidole kikahamia kwake. Mari. Kisha kikaenda dirishani, kwa jirani na tuktuk yake, ambaye hata hakujua.

Wimbo ukaisha. Mama akataka tena. Tangazo la kamari tena.

Baadaye Violet akauliza kama alichukue bakuli aoshe. Nimemwambia aliache kwanza.